Namna ng'ombe wa Kivu walivyokufa, na namna walivyopona

Kila mara vita vinapoingia Masisi, barabara ya Sake kuelekea Goma inajaa watu. Mama anatembea na mtoto mgongoni na godoro kichwani, vijana wanasukuma chukudu iliyojaa vyombo, wazee wanafuata na fimbo. Katikati yao kuna mtu anayeswaga ng'ombe mmoja au wawili. Wengine walibaki kilimani, au walichukuliwa na wenye silaha. Huyo mmoja aliyebaki ndiye pesa ya masomo, ndiye mali ya kuolea, ndiye maziwa ya watoto.

Ng'ombe huyo analala mahali asipopazoea. Anakula majani ya kando ya barabara, pale ambapo makundi ya watu wengi yamepita. Siku kumi zinapita, au wiki mbili. Asubuhi moja mwenyewe anaona uvimbe chini ya sikio, mkubwa kama yai. Ng'ombe bado anakula, maziwa yamepungua kidogo tu. Anayejua maana ya uvimbe huo anatafuta dawa siku ileile. Asiyejua anasema, tungoje kwanza tuone. Baada ya wiki moja hivi ngozi inaanikwa juani, na familia imepoteza mali yake ya mwisho.

Jambo hili si geni katika Kivu. Kwa zaidi ya miaka 130, magonjwa makubwa ya ng'ombe yamekuwa yakifuata njia zilezile: njia za vita, njia za biashara, njia za watu wanaohama. Na kila mahali ugonjwa ulipozuiwa, kazi ilianzia kwa mtu anayelala karibu na zizi, ambaye aliona dalili mapema na akasikilizwa.

Muryamo, ugonjwa uliomaliza makundi

Wazee wanaosema Kinyarwanda, upande wa Bwisha na ng'ambo ya mpaka, bado wanalo neno muryamo. Kwa Kiswahili ugonjwa huo unaitwa sotoka. Ulifika Afrika ya Mashariki kutoka mbali. Mwaka 1887 jeshi la Italia lilileta ng'ombe kwenye bandari ya Massawa, katika nchi ya Eritrea ya leo, ili askari wapate nyama. Ng'ombe hao walikuwa na virusi vya sotoka. Katika muda mfupi Ethiopia ilikuwa imepoteza karibu ng'ombe wake wote, na kwa sababu ng'ombe ndiye aliyevuta jembe, mashamba yalilala bila kulimwa na njaa kubwa ikafuata.

Toka huko ugonjwa ulishuka kusini. Mwanzo wa miaka ya 1890 ulikuwa umefika kwa Wamasai, Uganda na Rwanda, wakati wa mwami Rwabugiri. Mzungu von Götzen alipopita hapa mwaka 1894, akaona ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo, nchi za jirani zilikuwa zimekwisha kulia ng'ombe wao. Mwaka 1896 ugonjwa ulivuka mto Zambezi na kuendelea hadi Afrika Kusini. Mahali pengi, katika ng'ombe 10 walikufa 8 au 9. Nyati nao walikufa porini.

Dalili za sotoka zilikuwa za kuonekana kwa macho. Ng'ombe alipata homa kali, machozi na kamasi zikatoka bila kukatika, vidonda vikatokea ndani ya mdomo na kwenye ufizi, kisha tumbo likaharisha maji yenye damu na harufu mbaya. Ndani ya wiki moja au mbili alikuwa amekufa. Ugonjwa uliambukiza kwa pumzi, kwa mate na kwa mavi, ng'ombe wagonjwa walipokaa karibu na wazima. Kwa hiyo kila aliyekimbiza ng'ombe wake kwa hofu, huku baadhi yao wamekwisha kushikwa, aliupeleka ugonjwa kijiji cha mbele.

Hata Ubeleji, uliokuwa ukitawala Kongo, uliuonja uchungu huo. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitia bandari ya Antwerpen, na sotoka ikaingia katika nchi ya Ubeleji. Hofu ya mwaka ule ilifanya mataifa 28 kukubaliana Paris, Januari 1924, kuunda ofisi ya dunia ya kushughulikia magonjwa ya wanyama. Walikuwa wamefahamu kwamba mpaka wa nchi haumzuii ng'ombe mgonjwa, na kwamba nchi inayoficha ugonjwa inaua ng'ombe wa jirani.

Ng'ombe wapya, ugonjwa mwingine

Baada ya sotoka, watu waliobaki bila ng'ombe walitafuta wengine wa kuanzia. Hapo ndipo ugonjwa mwingine ulipopata njia. Mwaka 1901 ng'ombe walinunuliwa pwani ya Afrika ya Mashariki, wakapakiwa melini hadi Beira, wakapelekwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kujaza malisho yaliyokuwa matupu. Ng'ombe hao wa pwani walionekana wazima. Ndani ya miezi michache ng'ombe wenyeji wa kule wakaanza kufa, na kwa sababu ugonjwa ulitoka upande huo, Waingereza wakauita homa ya pwani ya mashariki. Waswahili wanaita ndigana kali. Wafugaji wanaosema Kinyarwanda wanaita ikibagarira. Ndiyo ile ya uvimbe chini ya sikio.

Kwanza hata wataalamu walikosea. Robert Koch, daktari Mjerumani mwenye jina kubwa, alikuwa ameona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe huko Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, lakini akadhani ni ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, aliyekuwa akichunguza wadudu Afrika Kusini, alithibitisha kwamba ndigana kali inaletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya masikio. Mwaka huohuo Arnold Theiler alionyesha kwamba kijidudu chake si kile cha Marekani, ni kingine kabisa. Ndiyo sababu wataalamu wanakiita Theileria.

Kazi ya kupe huyo ni hii. Akiwa mdogo ananyonya damu ya ng'ombe mwenye kijidudu, kisha anaanguka majanini na kukua. Akikua anapanda kwa ng'ombe mwingine, na baada ya siku chache za kunyonya anamwachia kijidudu kile. Ng'ombe mzima akilala ubavuni mwa mgonjwa pasipo kupe, haambukizwi. Akipita katika majani ambayo mgonjwa aliyapita wiki chache zilizotangulia, anaweza kushikwa hata kama hajamwona huyo mgonjwa.

Wafugaji wa zamani hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na desturi zao. Waliwatoa ng'ombe kupe kwa mkono. Walichoma majani ya zamani kilimani. Waliwasha moto wa moshi katikati ya zizi, ambao kwa Kinyarwanda unaitwa igicaniro, na moshi ulifukuza nzi. Na walijua jambo moja ambalo wataalamu walilieleza baadaye: ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe, akaugua mdogo na kupona, hashikwi tena kwa urahisi. Ng'ombe aliyetoka mahali pasipo na kupe hana kinga hiyo.

Masisi inakuwa nchi ya ng'ombe

Bwisha ilikuwa na ng'ombe tangu zamani. Vilima vya Masisi vilijaa ng'ombe hasa wakati wa Wabeleji. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa kikoloni uliendesha kazi ya kuhamisha familia toka Rwanda kuja Kivu, na sehemu kubwa zilipelekwa Masisi, zikiwemo zile za Gishari. Wakoloni nao walifungua mashamba makubwa, wakaleta ng'ombe wa Ulaya wenye maziwa mengi: Frizoni, na wale wa rangi ya kahawia wa milima ya Uswisi. Damu ya ng'ombe hao bado inaonekana Masisi hadi leo, na maziwa yao ndiyo yaliyofanya jibini ya Masisi ijulikane Kongo nzima.

Lakini ng'ombe wa Ulaya hana kinga ya ndigana kali. Akishikwa bila kutibiwa, mara nyingi anakufa. Kwa hiyo mashamba makubwa yaliwekwa josho, lile shimo refu la saruji lenye maji na dawa ambamo ng'ombe wanapitishwa mmojammoja. Kuogesha kulikuwa kwa ratiba, na ng'ombe mgeni hakuchanganywa na wengine mara moja. Afrika Kusini ilimaliza ndigana kali katika miaka ya 1950 kwa njia hizo: kuogesha bila kukosa, kufunga mipaka ya malisho, kuchinja makundi yaliyoambukizwa. Kivu haikufika hapo, ila ugonjwa ulishikwa mkono.

Baadaye mambo yalilegea hatua kwa hatua. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zinapewa wananchi, na mashamba mengi ya Masisi yakabadilisha wenyewe. Wengine waliyatunza vizuri. Wengine walikaa Kinshasa wakimwachia mchungaji asiyelipwa, na josho ikakauka. Hata hivyo ng'ombe wa Masisi waliendelea kulisha Goma, na nyama yao ilifika hadi Kinshasa.

Kisha vikaja vita. Machi 1993 mapigano yalianza Walikale, yakaingia Masisi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kujaa Goma. Kufikia 1996 makundi mengi ya Masisi yalikuwa yamekwisha kuibiwa, kuchinjwa au kuvushwa mpaka. Utulivu uliporudi kidogo, wenye uwezo walinunua ng'ombe wapya toka sehemu mbalimbali, na vilima vikaanza tena kuwa na weupe na wekundu wa mifugo. Ilikuwa kama ile ya 1901. Malisho matupu yalijazwa na ng'ombe wageni, kila mmoja amebeba kupe wa kwao.

Tangu hapo, kila kimbio linarudia hadithi hiyo. Na kwa vilima vya Masisi kuna jambo la kuongeza. Kupe wa masikioni hapendi baridi kali ya juu. Ng'ombe aliyekulia kilimani juu sana amekutana na kupe wachache, kwa hiyo hana kinga ya kutosha. Vita vikimshusha hadi Sake, hadi kandokando ya Goma au kwenye bonde la Rutshuru, anaingia penye joto na kupe wengi akiwa hana silaha. Ndiyo sababu ng'ombe aliyeonekana mwenye afya kabisa wakati wa kutoka nyumbani anaanguka wiki mbili au tatu baada ya kufika.

Kutambua ndigana kali, na kosa la dawa

Ndigana kali inaanza polepole. Siku 8 hadi 12 hivi baada ya kupe kuuma, wakati mwingine zaidi, tezi iliyo chini ya sikio inavimba. Baadaye ile ya mbele ya bega inavimba pia, na ile ya ubavuni karibu na paja. Homa inapanda, inafika nyuzi 40, 41 na hata kupita. Siku za kwanza ng'ombe anaendelea kula, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Kisha anaacha kula, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi na wakati mwingine yanakuwa na ukungu. Mwishoni anapumua kwa shida, anakohoa, na povu jeupe linatoka puani, kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ng'ombe aliyefika kwenye povu ni vigumu kumrudisha.

Katika masoko ya Kivu, dawa ambayo karibu kila mchungaji anaijua ni oksitetrasaikilini. Inatumiwa kwa kila kitu: kikohozi, kidonda, homa, kuhara. Kuna sababu ya watu kuiamini. Kuna ugonjwa mwingine wa kupe, ndigana baridi, ambao unaponywa na dawa hiyo. Lakini ndigana baridi haifanani na ndigana kali kwa anayechunguza. Katika ndigana baridi tezi hazivimbi kwa namna ile. Ng'ombe anaishiwa damu, ufizi na ndani ya kope vinakuwa vyeupe au vya manjano, na mavi yanakuwa magumu. Na ng'ombe anayekojoa mkojo mwekundu ana ugonjwa wa tatu, wenye dawa yake.

Kwa ndigana kali iliyokwisha kushika, oksitetrasaikilini haiponyi. Inasaidia tu ikiwahi mapema sana, kabla dalili hazijaonekana. Dawa inayoponya ni buparvakwoni, iliyoingia kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni sindano ya ndani ya msuli. Kipimo chake ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na mara nyingi inarudiwa baada ya siku mbili au tatu. Bei yake ni kubwa kuliko ile ya oksitetrasaikilini, na hapo ndipo mtu mwenye ng'ombe mmoja na mfuko mtupu anashawishika kununua ile rahisi, au kumpiga ng'ombe nusu ya kipimo. Nusu ya kipimo inakula pesa, na ng'ombe anakufa. Siku tano za kujaribu dawa isiyofaa ndizo siku tano ambazo ile inayofaa ingemwokoa.

Kuna na njia ya kuzuia. Huko Muguga, karibu na Nairobi, watafiti walifanya kazi miaka mingi, na mwaka 1975 walitangaza chanjo inayotumika hadi leo. Wanampa ng'ombe kijidudu kizima cha ndigana kali, na papo hapo wanampiga oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu. Ng'ombe anaugua kidogo tu, anapona, na kinga inabaki maisha yake yote. Ndilo jambo lilelile ambalo wafugaji wa zamani waliliona kwa ndama aliyeugua na kupona, ila sasa linafanywa kwa kipimo. Wafugaji wa Tanzania, wakiwemo Wamasai, wameitumia sana tangu mwisho wa miaka ya 1990. Ugumu wake ni kwamba chanjo hii inatunzwa katika baridi kali ya naitrojeni ya maji. Mahali ambapo barabara inafungwa na vita kila mwezi, kuifikisha ni kazi.

Namna sotoka ilivyomalizwa katikati ya vita

Wengine watasema: tutafanya nini na sisi tuko vitani? Jibu liko katika mwisho wa sotoka yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, alitengeneza hukohuko Muguga chanjo nzuri ya sotoka. Sindano moja ilitosha kumlinda ng'ombe maisha yote, na kwa kazi hiyo Plowright alipewa mwaka 1999 tuzo ya chakula ya dunia. Kati ya 1962 na 1976 nchi nyingi za Afrika zilichanja mamilioni ya ng'ombe kwa pamoja. Sotoka ikakaribia kwisha. Halafu watu wakalegea, ugonjwa ukabaki umejificha katika sehemu chache zilizokuwa na vita na zisizo na barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukarudi na kuua tena sehemu nyingi za Afrika.

Sehemu hizo zilizobaki zilikuwa za namna ya Kivu: Sudani ya kusini iliyokuwa vitani, Karamoja yenye bunduki nyingi, Afar ya Ethiopia. Madaktari wenye magari na friji hawakufika huko. Basi mambo mawili yalifanyika. Kwanza, chanjo ileile ilitengenezwa upya ili iweze kukaa wiki kadhaa bila friji. Pili, kazi ilipewa wafugaji wenyewe. Vijiji vilichagua watu wao, watu wanaotembea na ng'ombe na kuaminiwa na wenzao, wengine bila kujua kusoma. Walifundishwa kwa muda mfupi, wakapewa sindano na sanduku, wakaenda kwa miguu hadi kwenye kambi za ng'ombe.

Madaktari nao walijifunza kitu. Wafugaji hao walikuwa na majina ya magonjwa katika lugha zao, na waliweza kuyatenganisha kwa dalili vizuri sana. Mfugaji alipotoa habari kwamba ameona machozi, vidonda vya mdomo na kuhara katika kundi fulani, habari ile ilichunguzwa haraka, na makundi ya jirani yakachanjwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 sotoka ilikuwa imenyamaza katika Sudani ya kusini, na vita vilikuwa bado havijaisha. Mgonjwa wa mwisho kujulikana duniani alionekana Kenya mwaka 2001, katika nyati wa hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa, baada ya ndui ya wanadamu.

Kimeta, ng'ombe asiyepasuliwa

Magonjwa mengine hayafutiki hivyo, na moja lao liko karibu na Goma. Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Virunga, upande wa mto Ishasha, pamoja na nyati. Vipimo vilionyesha kimeta. Si mara ya kwanza katika bonde hilo. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi upande wa Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, inayopakana na Virunga.

Kimeta ni ugonjwa wa udongo. Mbegu zake zinaweza kukaa ardhini miaka mingi sana, zikingoja mvua au kiangazi kuzifunua. Ng'ombe anazimeza na majani. Mara nyingi mwenyewe haoni ugonjwa wowote: jioni ng'ombe mzima, asubuhi maiti. Dalili iko kwenye maiti yenyewe. Tumbo linavimba haraka, mwili haukakamai kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni na nyuma.

Maiti ya namna hiyo haipasuliwi. Hewa ikikutana na damu ile, kijidudu kinajigeuza kuwa mbegu, na mahali pale panakuwa na sumu kwa miaka. Maiti inachomwa kabisa, au inazikwa ndani ya shimo la mita mbili kwenda chini, na mahali pale panazungushiwa miiba. Ng'ombe walio wazima katika kundi wanaweza kuchanjwa, na aliyeanza homa anaweza kupona kwa penisilini akiwahiwa.

Hapa ndipo njaa ya kambi inapokutana na ugonjwa. Ng'ombe aliyekufa ghafla anauzwa nusu ya bei, vipande vinagawanywa usiku, na mama aliyekaa siku mbili bila kuweka sufuria motoni hawezi kuuliza maswali mengi. Aliyemchuna ndiye anaanza kuugua: kidonda kinatokea mkononi au shingoni, hakiumi sana, katikati kinakuwa cheusi kama makaa. Aliyekula anaweza kupata tumbo kali, kutapika na homa. Kwa mtu, kimeta kinatibika kwa antibayotiki za hospitali, na kinaua aliyechelewa. Anayefika kwa daktari aseme wazi kwamba aligusa au alikula nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Kwa kusema hivyo, anaokoa siku ambazo daktari angezitumia kutafuta.

Kazi ya asubuhi

Kongo haikosi watu wenye elimu hii. Chuo Kikuu cha Graben cha Butembo kinafundisha madaktari wa mifugo. Jimbo lina ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji, IPAPEL. Chama cha wafugaji wa Kivu ya Kaskazini, ACOGENOKI, kinajulikana na wengi. Lakini hakuna daktari anayeweza kulala katika kila zizi, na katika kambi mpya ya wakimbizi wa ndani mara nyingi hakuna daktari wa mifugo hata mmoja.

Anayefika na ng'ombe mahali pageni amtenge na wenyeji wiki mbili au tatu, hata kama ni kumfunga kwa kamba upande wa pili wa barabara. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, mkono upite chini ya masikio, mbele ya bega na ubavuni, na kupe waondolewe ndani ya sikio. Macho, pua, ufizi, mkojo na mavi vitazamwe. Tezi ikivimba, habari impate veterineri siku hiyohiyo, na aambiwe dalili zote kwa majina ambayo mfugaji anayajua, iwe ikibagarira au ndigana. Dawa inunuliwe kwa anayefahamika, tarehe yake isomwe, kipimo kifuate uzito. Wenye ng'ombe mmojammoja wanaweza kuchanga franga ili chupa moja ya buparvakwoni iwe tayari kabla ya ugonjwa.

Na ng'ombe akifa ghafla usiku, mwenyewe azuie watoto na mbwa wasimkaribie, aweke kisu chini, amwite shefu wa kijiji au kiongozi wa kambi na veterineri kabla ya kumgusa.